Begi la kuvulia samaki hupimwa kwa safari ya kurudi

Anayetafuta begi la kubebea vifaa vya uvuvi kwa miguu, swali langu la kwanza kwake ni hili: wakati wa kurudi litakuwa na nini ndani? Wengi hunitajia walivyoondoka navyo nyumbani. Kwenda hakuna kazi. Asubuhi begi ni kavu, ndoano zimekaa zilipopangwa, njia ni ya mteremko na mwili una nguvu. Kurudi ndiko kunakolipima begi. Koti limelowa, mshipi una tope, perege wanachuruza maji, jua liko utosini, na kutoka huko tambarare kuja Moshi ni kupanda. Begi linaloweza hali hiyo litaweza na asubuhi. Linaloweza asubuhi tu, utalichukia kabla hujafika barabarani.

Mimi ni fundi wa mabegi hapa Moshi mjini. Kabla ya kukalia cherehani nilibeba mizigo Mlima Kilimanjaro, nikiwa mmoja wa wagumu, kama wapagazi tunavyoitana. Siku ambazo sina kazi za watu huenda kuvua kwa mshipi, zaidi bwawa la Nyumba ya Mungu, na mara mojamoja Ziwa Duluti pale Tengeru. Mabegi yanayoletwa kwangu nayafumua, kwa hiyo naona yanakokatikia na yanakoozea. Ninayoyaandika hapa yametoka kwenye meza hiyo na kwenye mgongo wangu.

Mwaga vitu sakafuni kwanza

Kabla hujaenda sokoni, kusanya vifaa vyako vyote uviweke sakafuni, pamoja na vile unavyoviona si mzigo. Kwa siku moja ya Nyumba ya Mungu mimi hubeba fimbo na rili yake, kisanduku cha ndoano na chubwi, kopo la nyungunyungu lenye udongo wake, donge la unga uliokandwa, kisu, koleo, koti la mvua, chakula, maji lita 3, na ndoo ndogo ya rangi yenye mfuniko. Maji pekee ni kilo 3. Chubwi, vile vizito vya kuzamisha ndoano, ni madini ya risasi, na watu hubeba nyingi kuliko wanavyohitaji. Punguza hapo kwanza. Kisha pima vyote kwa pamoja. Kama huna mizani, muuza mahindi wa jirani hatakunyima yake.

Wakati wa kurudi, maji umekunywa na samaki wameingia. Kwa kilo, huenda mzigo ukawa uleule, ila tabia yake imebadilika. Chupa ya maji hukaa pale ulipoiweka. Samaki huteleza hadi chini, hulala upande mmoja, na kila hatua huusukuma mzigo ukuvute kushoto au kulia. Ndiyo maana begi linalokutosha vizuri nyumbani likiwa na vitu vikavu linaweza kukusumbua jioni ingawa mizani inasema uzito ni uleule.

Mlimani, mpagazi haruhusiwi kubebeshwa mzigo wa mgeni unaozidi kilo 20, na mzigo hupimwa getini. Huo ni mzigo wa mtu aliyezoea na anayelipwa kuubeba. Anayekwenda kuvua ili arudi na kitoweo na furaha yake asipite nusu ya hapo. Ukiona umefika kilo 10 kabla samaki hawajaingia, tatizo haliko kwenye begi. Toa vitu.

Sasa ukubwa. Mabegi ya mtumba mara nyingi hayana alama ya lita, au imefutika. Chukua tepu, pima urefu, upana na kina kwa sentimita, zidisha vyote vitatu, gawa kwa 1,000. Begi la sentimita 50 kwa 30 kwa 22 ni lita 33, na hapo ndipo mahali pazuri kwa siku nzima ya bwawani. Kwa Duluti, ambako unashuka kwenye gari Tengeru na kutembea kidogo, lita 20 zinatosha. Chini ya hapo utaanza kuning'iniza vitu nje, na kitu kinachoning'inia nje ndicho kinachobaki kwenye mwiba wa mgunga.

Moshi ina kishawishi chake ambacho miji mingine haina. Mabegi makubwa ya wapanda mlima, ya lita 60 hadi 80, yamejaa sokoni, ni mazuri kuyaangalia, na wakati mwingine bei yake inakaribiana na ya begi la shule. Usinunue kwa ajili ya uvuvi wa siku moja. Likiwa tupu tu linaweza kuwa na kilo 2 au zaidi, na likijaa nusu mzigo unacheza ndani, kwa kuwa limeshonwa likijua litajazwa. Nimewahi kumpunguzia mtu begi la lita 70 likawa la 40, na kazi ile ilimgharimu zaidi ya kununua jingine linalomfaa tangu mwanzo.

Kuhusu ile ndoo ya rangi: ni kifaa ninachokipenda kuliko vyote. Ukiisafisha vizuri inabeba samaki bila kuvuja, inalinda vitu visipondwe, na ukiigeuza ni kiti cha kukalia. Kwa hiyo nenda nayo sokoni. Begi ambalo ndoo yako haiingii mdomoni mwake bila kusukumwa kwa goti, liache.

Mgongo wako una kipimo chake

Inamisha kichwa, papasa nyuma ya shingo utapata mfupa uliochomoza. Mtu wa nyumbani apime kwa tepu ya fundi nguo kuanzia mfupa huo, akifuata uti wa mgongo, hadi usawa wa juu wa mifupa ya nyonga, pale vidole gumba vinapokutana nyuma ukishika kiuno. Kwa watu wazima wengi kipimo hicho huwa kati ya sentimita 40 na 55. Urefu wa mtu wote si kigezo. Kuna warefu wenye mgongo mfupi na miguu mirefu, na hao ndio wanaolalamika sana.

Kwenye begi, pima kutoka pale kamba za mabegani zinapoota hadi katikati ya mkanda wa kiunoni. Vipimo viwili hivyo vikaribiane. Begi likiwa refu kuliko mgongo, mkanda unakaa kwenye makalio na haubebi chochote. Likiwa fupi, mkanda unakubana tumbo na mabega yanabeba kila kitu.

Mkanda wa kiunoni nausisitiza kwa nguvu zangu zote, hasa kwa anayepita kilo 6 au 7. Uukalishe juu ya mfupa wa nyonga, uufunge, ndipo ukaze kamba za mabegani. Ukikaa sawasawa, kidole chako kitapita kwa urahisi chini ya kamba begani, kwa sababu uzito umeshuka miguuni. Mkanda mwembamba usio na sponji, ule wa kuzuia begi lisirukeruke, hausaidii kubeba. Ukiukuta huo, fundi anaweza kukuwekea mwingine, mradi begi lenyewe lina kitambaa kigumu cha kuushikia.

Mwalimu mmoja mstaafu, mama anayependa kuvua Duluti, aliniletea begi lililokuwa jipya kabisa. "Mwanangu, hili linanikaba shingo," akaniambia. Nikamjibu, "Mama, livae nione." Kamba zilikuwa zimenyooka na zimeachana sana, za mtu mwenye mabega mapana, na kila alipotembea alizivuta kwa mikono kuelekea shingoni. Nilizifumua juu, nikazisogeza ndani kila upande, nikaongeza mkanda mdogo wa kifuani. Mama au dada anayenunua begi ajaribu kwanza mwanya wa kamba, kabla ya rangi na kabla ya mifuko. Mzee mwembamba pia.

Klipu za mikanda yote zifunguke kwa mkono mmoja. Hili ni la uhai. Ukivuka mto, iwe Karanga, Weruweru au kijito chochote cha huku, fungua klipu ya kifuani na ya kiunoni kabla mguu haujaingia majini, ili ukiteleza uweze kulivua begi na kuliacha liende. Mito yetu inashuka kutoka mlimani, na mvua inaweza kunyesha huko juu wakati ulipo wewe kuna jua. Masika, kati ya Machi na Mei, klipu ngumu ni sababu tosha ya kukataa begi hata kama ni la bure.

Kitambaa, sponji, zipu

Hapa ndipo wauzaji wanapowashinda watu wengi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwenye lebo za mabegi mazuri utaona namba na neno linalosomeka denia: 420, 600, 1,000. Ni uzito wa uzi kwa gramu, ukinyooshwa urefu wa mita 9,000. Namba ikipanda, uzi umenenepa. Kwa njia zenye miiba ya mgunga na mawe, 600 ni mwanzo mzuri, na kitako cha begi kikiwa 1,000 bora zaidi, maana kitako ndicho kinachowekwa juu ya changarawe na tope. Nailoni inavumilia kusuguliwa kuliko poliesta, lakini poliesta inavumilia jua. Mimi nikilazimika kuchagua kwa ajili ya tambarare za Mwanga na Simanjiro, ambako kivuli ni cha kutafuta, nachukua poliesta nene. Turubai la pamba likilowa linakuwa zito na halikauki upesi. Turubai la plastiki, lile la magari ya mizigo, halipitishi maji na linafutika harufu kwa sabuni, ila mgongo utatoka jasho. Begi la turubai hilo lenye mgongo wa sponji yenye mifereji ya hewa ndilo ninaloshona mara nyingi kwa wavuvi.

Ukishika begi la mtumba, geuza ndani nje. Tafuta ule utando wa plastiki uliopakwa upande wa ndani wa kitambaa kuzuia maji. Ukinata vidoleni, ukitoka magamba, au ukiwa na harufu ya kuchacha, basi umeshakufa kwa unyevu na umri, na hakuna sabuni wala dawa ya kuurudisha. Kama unaonekana mzima, weka mdomo kwenye kitambaa na upulize kwa nguvu. Hewa ikipita, maji yatapita.

Sponji za kamba na mgongo zina aina mbili zinazokuhusu. Moja ni laini, ya godoro: hunyonya maji, huweka jasho na damu ya samaki, na baada ya muda begi linanuka hata likiwa tupu. Nyingine ni ngumu kidogo, vitundu vyake vimefungwa, maji hayaingii. Bonyeza kwa kidole gumba kwa nguvu, uachie. Ikirudi polepole na kubaki na shimo, ni dhaifu au imechoka. Ikirudi mara moja na hukuweza kuibana hadi vidole vikutane, ni nzuri. Kwenye mtumba, inusie karibu kabisa, usione aibu. Muuzaji anayekuzuia kunusa anajua kilichomo.

Kamba ya bega inakoshikana na begi ndiko kunakokatika kwa sehemu kubwa ya mabegi ninayoletewa. Weka goti juu ya begi, shika kamba kwa mikono miwili, ivute taratibu kwa nguvu zote huku ukisikiliza. Uzi unaokatika una mlio mdogo wa kutatarika. Angalia mshono: mraba wenye alama ya msalaba ndani yake, au mshono mfupi uliorudiwarudiwa hadi umekuwa mnene, ni kazi ya kuaminika. Mstari mmoja wa uzi uliopita tu pembeni ni begi la daftari.

Zipu. Ipake vumbi kisha uifunge na kuifungua. Sokoni vumbi halitafutwi. Meno makubwa ya plastiki yanavumilia mchanga kuliko madogo. Namba iliyo nyuma ya kichwa cha zipu hukaribiana na upana wa meno kwa milimita, kwa hiyo namba 5 ni nyembamba kwa mdomo mkuu wa begi na 8 au 10 ndiyo ninayoitaka. Zipu za chuma kwa mtu wa samaki sizipendi, zinashika kutu na kukwama. Na ukikuta begi zuri ambalo zipu yake inafunga kisha inaachia nyuma, usilikimbie. Mara nyingi meno ni mazima, kilichopanuka ni kichwa. Kibane kidogo kwa koleo pande zote mbili, au kibadilishwe chenyewe tu. Ni kazi ya dakika chache kwa fundi, na muuzaji asiyejua hilo atakupunguzia bei.

Lakini kwa begi la uvuvi, mdomo wa kukunja ni bora kuliko zipu. Unaviringisha kitambaa mara tatu, unafunga klipu pembeni, mchanga hauna pa kuingilia, na begi linapanuka au kupungua kufuata mzigo wa kwenda na wa kurudi.

Samaki na vifaa visikae chumba kimoja

Zamani watu walitenganisha kwa rambo. Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini, kwa hiyo begi lenyewe sasa lifanye kazi hiyo. Tafuta lenye vyumba viwili, au la chumba kimoja ambalo chini yake ndoo yako inakaa na juu yake vitu vikavu. Ndoo ikijaa nusu tu, jaza mwanya kwa majani ya migomba ili samaki wasigongane.

Kuna njia nyingine ninayoipenda kwa safari ndefu. Usiweke samaki ndani ya begi kabisa. Watumbue palepale, toa matamvua, waoshe, wafunge kwenye gunia la katani lililoloweshwa, ulifunge gunia nje ya begi upande wa nyuma, mbali na mgongo na likiwa na kivuli cha koti. Maji yanapokauka kwenye gunia hupooza kilichomo. Kwa hili begi liwe na vitanzi vinne imara nje, viwili juu, viwili chini. Kama halina, vinashonwa kwa mkanda wa gari, ule wa usalama, ambao kwa mafundi wa viti vya magari hupatikana vipande.

Kitako cha begi kiwe na matundu mawili ya kutolea maji, yenye viringi vya shaba au plastiki. Watu hushangaa nikiwaambia watoboe begi zima. Maji yatakayoingia kwa juu au kutoka kwenye samaki lazima yapate njia, la sivyo utayabeba hadi nyumbani na yatafika kwenye nguo zako kwa kupitia mshono.

Ndoano nazo zipate makazi. Kata kipande cha kandambili kuukuu, zichome humo, kipande kikae ndani ya kopo lenye mfuniko. Ndoano iliyolegea ndani ya begi itapata kidole chako au cha fundi wako. Simu na pesa viwe kwenye mfuko wa ndani, juu, upande wa mgongoni. Nyungunyungu wakae mfuko wa nje ulio na kivuli, kopo likiwa na matundu. Maji ya kunywa yakae katikati, yakigusa mgongo, kwa kuwa ndiyo mazito zaidi na kitu kizito kikiwa mbali na uti kinakuvuta nyuma.

Fimbo

Fimbo ya vipande viwili yenye urefu wa mita 2.1 ikivunjwa kila kipande hupita mita moja kidogo. Ifunge ubavuni mwa begi, ncha itakupita kichwa. Kwenye kichaka cha mgunga utasimama kila mara kujinasua, na ndani ya Hiace utamchoma abiria wa nyuma. Anayetembea sana achukue ile inayojikunja ndani kwa ndani, ambayo ikifungwa huwa karibu nusu mita. Inaingia ubavuni bila kuchomoza. Wanaojua uvuvi watakuambia haina hisia nzuri mkononi, na ni kweli kidogo, lakini perege wa ukingoni hakudai zaidi.

Kama una fimbo nzuri usiyotaka kuibadilisha, nunua kipande cha bomba la plastiki la maji, ziba ncha zote mbili, uitie humo na uibebe mkononi. Kwenye begi unahitaji tu mfuko wa pembeni wenye kitako kigumu na mkanda wa kukaza juu. Mfuko wa wavu hautoshi, ncha ya fimbo huutoboa.

Wapi utapata, na la kuangalia

Moshi, nenda Memorial na Kiboriloni kwa mtumba, mapema, kabla mizigo haijachaguliwa. Maduka yanayokodisha vifaa vya mlima nayo huuza yaliyochakaa. Mabegi yao yamefanya kazi ngumu, kwa hiyo kagua kamba na utando wa ndani kwa makini zaidi. Arusha kuna Kilombero na Krokoni. Nenda na mzigo wako wote ndani ya kiroba. Ukipata begi la kufaa, omba ruhusa, lipakie, lifunge, uzunguke nalo soko robo saa, panda ngazi yoyote iliyopo. Kichwa kidogo cha maumivu kinachoanza dakika ya kumi sokoni, njiani kitakuwa kidonda.

Utakutana na mabegi ya madoadoa ya kijeshi. Ni imara, yana mifuko mingi, na wavuvi wanayapenda. Yaache. Raia haruhusiwi kutumia mavazi na vifaa vinavyofanana na vya jeshi, na JWTZ wenyewe wamekuwa wakilikumbusha hilo. Chukua kahawia, kijivu au kijani kibichi cha rangi moja. Nyeusi inapata joto sana, na chambo ndani yake kitachacha.

Kabla hujalipa pesa ya begi, jua pia unakokwenda kunaruhusiwa nini. Leseni ulizia kwa afisa uvuvi wa halmashauri, maana uvuvi una Sheria yake ya mwaka 2003. Nyumba ya Mungu imewahi kufungwa kwa muda ili samaki wazaliane, basi uliza kabla ya kupanda gari la Kifaru. Mamba wamo, kwa hiyo begi na kiti chako vikae mbali na ukingo, na miguu usiitie majini. Duluti ni msitu wa hifadhi, utapita getini kwanza. Ziwa Chala, kule Rombo mpakani na Kenya, ni shimo la volkano lenye kuta kali. Huko ukishuka umeahidi kupanda, na begi lisilo na mkanda wa kiunoni ni adhabu. Chala pia ina perege wake, *Oreochromis hunteri*, asiyepatikana kwa asili mahali pengine popote duniani na aliye hatarini sana kutoweka. Akinasa, mrudishe majini. Ndoo yako isihamishe samaki hai kutoka ziwa hili kwenda lile.

Ukishafika nyumbani

Toa kila kitu usiku huohuo. Osha begi kwa maji baridi kwanza, kwa sababu maji ya moto hugandisha damu na ute wa samaki ndani ya uzi. Kisha sabuni ya kipande na brashi laini, hasa kwenye kona za kitako. Harufu ikibaki, kamulia ndimu au pitisha siki iliyochanganywa na maji, acha kidogo, suuza. Usitumie dawa ya kutoa madoa, inakula ule utando wa ndani. Begi usilitie mashine wala kulianika juani kutwa. Kivuli chenye upepo kinatosha.

Zipu ikikauka, isugue meno kwa kipande cha mshumaa, fungua na kufunga mara kadhaa. Mafuta ya kupikia au ya cherehani usiweke, yanashika vumbi, na vumbi la njia ya Kifaru unalijua.

Litundike darini kwa waya, mdomo na mifuko yote vikiwa wazi, lisiguse ukuta. Panya akisikia harufu ya perege hutafuna hata kitambaa kinene kwa usiku mmoja, na tundu lake ni gumu kushona kwa sababu kingo zimeliwa. Likikupata hilo, usivute kitambaa kiungane. Mwambie fundi akate mraba unaozidi tundu kwa sentimita 3 kila upande, aushonee kwa ndani na kwa nje, uzi wa nailoni.